Asiye na Macho Huambiwa Tazama

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Walimkusudia binadamu ambaye akipita kando ya mto mara ya pili huona mwenyewe kama maji yamepanda tangu alipopita mara ya kwanza. Hawakuwa na haja ya kumzungumzia asiye na macho, yule anayeishi kwa neno aliloambiwa tu, ambaye asipoagizwa kutazama tena atashikilia jioni habari aliyoipokea asubuhi. Katika zama hizi za tarakilishi, mhudumu wa namna hiyo yupo, na kazi yake ni kutafsiri. Jina lake ni kompaila. Mwanafunzi mmoja wa uhandisi wa elektroniki, katika chuo kikuu kimojawapo cha humu nchini, alimfahamu mhudumu huyu kwa njia ngumu, na gharama ya somo lenyewe ililipwa na watu ambao hawakuwahi kuandika hata mstari mmoja wa programu.

Nyumbani kwao mwanafunzi huyo ni kando ya mto ambao wakati wa kiangazi watoto huuvuka wakiwa wamekunja suruali, lakini masika yakikolea hupanda kingo zake usiku na kuingia mabomani bila ya kubisha hodi. Mafuriko ya Machi hadi Mei mwaka 2024, yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini Kenya, yalipita kwao vilevile. Hawakupoteza mtu, ila walipoteza mbuzi, magunia ya mahindi na usingizi. Ulipowadia wakati wa kuchagua mradi wa mwaka wa mwisho, hakusumbuka kutafuta mada. Angeunda kifaa cha kupima mvua na kuwaamsha watu kabla maji hayajawafikia.

Muundo wa kifaa chenyewe ulikuwa mwepesi kueleza. Mvua huingia kwenye faneli na kudondokea katika vikombe viwili vidogo vilivyopachikwa kama pembea. Kikombe kimoja kikijaa huinama, hujimwaga, na mwenzake hushika zamu. Kila kuinama ni sawa na milimita 0.2 za mvua, na kila kuinama hupitisha sumaku mbele ya swichi, nayo swichi hutuma ishara kwa maikrokontrola. Maikrokontrola ni tarakilishi nzima iliyofungwa ndani ya kipande kimoja cha silikoni kisichozidi upana wa kidole. Aliyoichagua mwanafunzi, ATmega328P, ina nafasi ya kilobaiti 32 za programu, kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi, na hupiga mapigo milioni 16 kwa sekunde. Kila siku saa tatu asubuhi, wakati ambapo wapimaji wa hali ya hewa husoma vipimo vyao, hesabu ingerudishwa kwenye sifuri. Vikombe vikiinama mara 500 kabla ya saa hiyo kurejea, yaani milimita 100, ujumbe mfupi ungetumwa kwenye rununu ya mama yake na za wazee wawili wa kijiji.

Katika tarakilishi ya mezani, kati ya programu na mashine pana mfumo endeshi unaogawa zamu, unaolinda kumbukumbu na unaosamehe makosa mengi. Katika maikrokontrola ya aina hii hapana kitu hicho. Programu iko peke yake na mashine. Ikiamuru waya fulani upewe umeme, waya huo hupewa. Ikipotea njia, hapana wa kuirejesha. Ndiyo maana kila neno analoliandika mtaalamu hapo lina uzito, na ndiyo maana mfasiri anayesimama kati yake na mashine anastahili kujulikana vyema kabla ya kuaminiwa.

Mfasiri huyo hakuzaliwa jana. Grace Hopper alikuwa akiunda programu za kuandaa programu nyingine huko Marekani mapema katika miaka ya 1950, na mwaka wa 1957 kundi la John Backus katika kampuni ya IBM lilitoa kompaila ya lugha ya FORTRAN. Kundi la Backus lilijua kwamba wataalamu wa wakati huo, waliozoea kuandika amri za mashine moja baada ya nyingine kwa mkono, wangeikataa kompaila yoyote ambayo tafsiri yake ingekuwa nzito na ya kujikokota. Kwa hivyo tangu siku zake za mwanzo kazi hii ilibeba madai mawili: kutafsiri, na kuboresha katika kutafsiri. Frances Allen, aliyeutumikia uboreshaji huo kwa miaka mingi, alitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2006, akawa mwanamke wa kwanza kuipata.

Uboreshaji hufuata kanuni moja ambayo mtu wa lugha ataielewa upesi. Kompaila haiahidi kuhifadhi maneno ya programu. Inaahidi kuhifadhi maana yake. Viwango vya lugha ya C huieleza programu kana kwamba inaendeshwa na mashine ya kufikirika, kisha humruhusu mfasiri kufanya apendavyo, maadamu matokeo yanayoonekana nje yawe yale ambayo mashine hiyo ya kufikirika ingeyatoa. Hesabu isiyotumiwa popote huondolewa. Jambo lililosemwa mara mbili husemwa mara moja. Mzunguko usiozalisha chochote hufutwa. Aghalabu haya ni mema matupu, kwani programu huwa fupi na ya kasi, na katika kilobaiti 32 ufupi si anasa.

Mwanafunzi aliandika programu yake kwa lugha ya C. Swichi ilipogusana, maikrokontrola ingeacha kazi iliyokuwa ikiifanya, iongeze hesabu, ipandishe bendera, kisha irejee ilipokuwa. Tukio hili la kuacha na kurejea huitwa katizo. Bendera yenyewe ilikuwa kigeu, yaani nafasi ndogo ya kumbukumbu iliyopewa jina, ambayo thamani yake ni sifuri bendera ikiwa chini na moja ikiwa juu. Sehemu kuu ya programu ilikuwa na mzunguko wa kungoja: bendera ikiwa bado chini, itazame tena, ikiwa bado chini, itazame tena. Mtu yeyote angeyasoma maandishi hayo na kuyaona sawa.

Alimimina maji kwenye faneli. Vikombe vikainama. Kifaa kikanyamaza.

Alipima nyaya, akabadilisha swichi, akaazima maikrokontrola nyingine kwa mwenzake. Kimya. Fundi wa maabara, mzee aliyewaona wanafunzi wengi wakihangaika hivyo, alimshauri azime uboreshaji wa kompaila kisha ajaribu. Alipofanya hivyo kifaa kilizinduka papo hapo. Fundi akacheka, akaenda zake. Mwanafunzi hakucheka. Programu ilikuwa ile ile, herufi kwa herufi. Iliwezekanaje programu iwe sahihi ikitafsiriwa kivivu, na iwe mbovu ikitafsiriwa kwa bidii?

Kwa majuma mawili aliliacha swali hilo likae, kwa sababu kifaa kilikuwa kikifanya kazi na mwenye njaa hachagui bakuli. Lakini njia hiyo ya mkato nayo ilikuwa na miiba yake. Alipoongeza sehemu ya kutuma ujumbe na ile ya kuhifadhi takwimu katika kadi, programu isiyoboreshwa ilivimba hata ikakataa kuingia katika nafasi yake. Pia zile amri za kusubiri kwa milisekunde kadhaa, zinazopatikana katika maktaba ya avr-libc, ziliharibika, kwa sababu zimeundwa zikitegemea uboreshaji uwepo. Bila ya uboreshaji husubiri kupita kiasi na kuburuta nyuma yao mahesabu mazito ya desimali. Kinyume chake, mzunguko wa kusubiri alioubuni mwenyewe, wa kuhesabu kutoka sifuri hadi 30,000 bila ya kufanya lolote, ulitoweka mara tu uboreshaji ulipowashwa. Kompaila iliuangalia, ikaona hauzalishi kitu, ikaufuta. Akawa kama mtu mwenye wageni wawili, mmoja halali taa ikiwaka na mwenziwe halali taa ikizimwa.

Aliyemfungulia njia hakuwa mhandisi. Alikuwa mwenzake wa chumbani, mwanafunzi wa Kiswahili na isimu, ambaye usiku huo alikuwa akiandaa kazi ya somo la tafsiri. Mhandisi alikuwa ameichapisha tafsiri ya kompaila katika lugha ya asembli, ambamo kila mstari ni amri moja ya mashine, akawa anaikodolea macho. Mahali palipokuwa na mzunguko wake wa kungoja, bendera ilisomwa mara moja tu. Ikiwa juu, programu iliendelea. Ikiwa chini, ilifuatia amri moja ya ajabu: rukia hapo hapo ulipo. Milele.

"Imesoma mara moja, ikaona basi," alilalamika. "Mimi niliiambia itazame tena na tena."

"Ndugu yangu," mwenzake akamwuliza, "huyo mfasiri wako anajua kwamba yuko mwingine anayeibadilisha bendera hiyo?"

"Ameisoma programu nzima. Katizo limo humo humo."

"Kulisoma ni jambo moja. Anajua kwamba linaweza kutukia katikati ya mzunguko, bila ya kuitwa na yeyote?"

Mhandisi alinyamaza. Hapo ndipo palipokuwa na fundo. Katika maandishi ya programu, hapana mstari hata mmoja uliokuwa ukiliita katizo. Lililetwa na sumaku, nayo sumaku ililetwa na mvua, na mvua haimo katika lugha ya C. Kwa kompaila, ndani ya mzunguko ule hapakuwa na kitu chochote cha kuibadilisha bendera. Ikiwa haibadiliki, kuisoma mara ya pili ni kurudia jambo linalojulikana. Na marudio, kwa mboreshaji, ni ubadhirifu.

Mwenzake alimweleza yaliyokuwa katika kazi yake. Alikuwa akilinganisha shairi na tafsiri yake, na mfasiri alikuwa ameacha kibwagizo katika ubeti wa kwanza peke yake. Katika beti zilizofuata alikifuta, kwa hoja kwamba msomaji ameshakisoma. Kwa mizani ya habari hakukosea, kwa kuwa hapana neno jipya lililopotea. Ila mwenye kulijua shairi alijua kwamba kibwagizo hakisemi jambo lile lile kila kinaporudi, kwa sababu kila ubeti umeibadilisha hali ambamo kinasikika. Takriri ile ilikuwa na maana, na mfasiri hakuwa ameambiwa.

"Hapana namna ya kumwambia wako?" akauliza.

Namna ilikuwapo. Kiwango cha kwanza rasmi cha lugha ya C, kilichopitishwa Marekani mwaka wa 1989, kilikuwa na neno volatile, ambalo huandikwa mbele ya kigeu kuiagiza kompaila kwamba kila kinaposomwa katika programu lazima kisomwe kwa kweli kutoka kumbukumbuni, na kila kinapoandikwa kiandikwe kwa kweli, bila ya kurukwa wala kuunganishwa. Mwanafunzi alikuwa amefunzwa neno hilo katika mwaka wa pili, akalijibu katika mtihani, akapata alama zake, akalisahau. Mwenzake alipoelezwa maana yake alisema kwamba Kiswahili kimekuwa nalo siku zote. Kila kitu chenye kubadilika ni kigeu. Lakini kile kinachokugeukia ukiwa umekipa mgongo ni kigeugeu.

Mhandisi alilitia neno hilo kwenye bendera, kwenye hesabu, na kwa furaha yake akalitia hata pasipohitajika. Aliwasha uboreshaji, akatumia amri za kusubiri za maktaba mahali pa ule mzunguko wake uliofutwa, programu ikapungua ikaingia katika nafasi yake, na kifaa kikafanya kazi. Maabarani alimimina maji hadi vikombe vikainama mara 40. Hesabu ikasoma 40. Msimamizi wake akaridhika. Kabla ya masika kukolea alikipeleka kifaa nyumbani, akakifunga juu ya kigingi karibu na boma la mama yake.

Kando ya kigingi hicho palikuwa na kifaa kingine, nacho hakikuwa na umeme: chupa yenye mdomo mpana na mistari ya milimita, ambayo mama yake, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alikuwa akiisoma kila asubuhi saa tatu na kuandika katika daftari. Mwanawe alipomwambia kwamba sasa angeweza kupumzika, alijibu kwamba chupa haimchoshi.

Ujumbe ulifika usiku wa manane katika juma la tatu. Ulisema kwamba mvua imefikia milimita 102.2. Mvua kubwa ilikuwa ikinyesha kweli, na hapana aliyekuwa na sababu ya kutilia shaka. Mama aliwaamsha majirani. Wazee wakagonga milango. Watu walibeba watoto, wakaswaga mbuzi na ng'ombe gizani hadi kwenye uwanja wa shule ulio mwinukoni, wakakaa humo wamelowa mpaka alfajiri. Ajuza mmoja aliteleza, akauumiza mkono. Mto haukutoka katika kingo zake. Saa tatu asubuhi mama aliisoma chupa, akaandika, kisha akampigia mwanawe simu.

"Mwanangu," alisema, "chupa ina milimita hamsini na nne. Mashine yako imehesabu mvua ambayo Mungu hakuileta."

Baada ya kimya aliongeza jambo ambalo lilimuuma kijana kuliko la kwanza. Mmoja wa wazee alikuwa amesema, wakati wa kuteremka kutoka shuleni, kwamba siku nyingine ujumbe huo ukija ataisoma rununu akiwa amelala.

Mwanafunzi aliomba takwimu zilizokuwa katika kadi, akaletewa. Kadi ilipokea hesabu mara moja kwa dakika, nayo haikuwa na kosa lolote: 250, 252, 255, 257, ikipanda taratibu hadi 270 palipopambazuka, sawasawa na chupa. Nambari iliyopita 500 haikuwamo. Iliandikwa katika ujumbe peke yake. Aligawa 102.2 kwa 0.2, akapata 511. Akaiandika 511 kwa mfumo wa sufuri na moja, ikatoka safu ya moja tisa, pasipo sufuri hata moja. Akaiandika 255: moja nane. Akaiandika 256: moja inayofuatwa na sufuri nane. Hapo alikiweka kalamu chini, kwa kuwa alikwisha kuona.

ATmega328P ni mashine ya biti 8. Mkono wake hubeba baiti moja kwa wakati, na baiti moja huishia 255. Hesabu inayoweza kupita hapo hukaa katika baiti mbili, ya chini na ya juu, na mashine huisoma kwa safari mbili. Usiku ule hesabu ilipokuwa 255, mashine ilisoma baiti ya chini, ikapata moja nane. Katika punje ile ya muda kabla ya safari ya pili, kikombe kiliinama. Katizo liliingia, likapandisha hesabu hadi 256, likatoka. Mashine ikarejea kwenye kazi yake bila ya kujua lolote, ikasoma baiti ya juu, ikapata moja. Iliunganisha nusu ya zamani na nusu mpya, ikazaa 511, nambari ambayo haikuwahi kuwapo. Mzunguko uliofuata ulisoma 256 vyema, lakini kwa wakati huo mpaka wa 500 ulikwisha kuvukwa na ujumbe ulikwisha kupaa.

Neno volatile lilikuwapo mahali pake, na kompaila ililitii kikamilifu. Iliahidi kusoma kwa kweli. Haikuahidi kusoma kwa pumzi moja. Uboreshaji nao haukuhusika, maana kosa hili lingetokea hata ukiwa umezimwa. Maabarani halikujitokeza kwa sababu mwenyewe alikomea 40, ilhali mtego ulikuwa umewekwa kwenye 256. Tiba yake ni amri chache: yafunge makatizo, nakili baiti zote mbili, kisha yarejeshe yalivyokuwa. Kikombe kikiinama wakati mlango umefungwa, ishara yake husubiri nje na kuhudumiwa mlango ukifunguliwa, kwa hivyo hakuna tone linalopotea. Hata hapo pana la kuangalia, kwani nyaraka za avr-libc zinatahadharisha kwamba kompaila inaweza kuihamisha kazi nyingine ndefu, kama vile ugawaji, ikaiingiza ndani ya kipindi ambacho makatizo yamefungwa, ikiwa kazi hiyo haigusi vigeugeu. Tangu siku hiyo mwanafunzi hakukipeleka kifaa popote kabla ya kuisoma tafsiri yake katika asembli, mahali hapo angalau.

Ingekuwa dhuluma kwa ukweli kusema kwamba kompaila haikosei kamwe. Mwaka wa 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Utah, Eric Eide na John Regehr, walizijaribu kompaila 13 za lugha ya C zilizokuwa zikitumiwa kwa kazi halisi, na katika kila moja walipata hali ambapo vigeugeu vilitafsiriwa visivyo. Mbinu yao mojawapo ilikuwa kuitafsiri programu ile ile kwa viwango mbalimbali vya uboreshaji na kuhesabu ni mara ngapi kila kigeugeu kimesomwa na kuandikwa. Hesabu zikitofautiana, yupo aliyekosea. Mwanafunzi alipoisoma habari hiyo alishawishika kwa muda kuiegemeza fedheha yake kwenye kompaila. Lakini makosa yake mawili hayakuwa ya kundi hilo. La kwanza, hakusema lililohitaji kusemwa. La pili, alilisema neno moja akitaraji libebe maana mbili.

Kosa lililokuwa jepesi kurekebisha lilikuwa lile la programu. Lililokuwa zito lilimngoja kijijini. Angeweza kutuma kifaa kilichorekebishwa kwa gari la abiria pamoja na barua. Badala yake alipanda gari hilo mwenyewe, akaomba kuonana na watu wale waliokesha uwanjani, akaenda kwanza kwa ajuza aliyeumia. Alipopewa nafasi ya kusema aliomba radhi, kisha akajaribu kueleza baiti kwa watu ambao hawakuwa na haja nazo. Aliona nyuso zikichoka. Akaanza upya. Akasema kwamba kifaa kina mkono mdogo, husoma hesabu nusu nusu, na kwamba usiku ule kilisoma nusu moja kabla ya kikombe kuinama na nusu nyingine baada yake.

Mzee yule aliyeapa kulala ndiye aliyevunja kimya.

"Kumbe kilisema kabla ya kumaliza kusikia."

"Naam, mzee. Ndivyo."

"Na sasa?"

"Sasa nimekifunza kufunga mlango hadi kimalize."

Mzee hakusema kwamba ameridhika. Aliuliza nani atakayejua kama kimefunzika. Mama akanyanyua daftari. Wakakubaliana kwamba kwa masika yote yaliyosalia kifaa kitatuma hesabu yake kila asubuhi saa tatu kwa mama peke yake, naye ataiandika kando ya hesabu ya chupa, na hapana atakayeombwa kuamka usiku kwa neno la mashine hadi safu hizo mbili zipatane kwa msimu mzima. Mwanafunzi aliliingiza sharti hilo katika ripoti ya mradi wake, pamoja na kisa cha usiku ule, ijapokuwa angeweza kukiacha na hakuna mtahini ambaye angejua.

Mashine za jamii hii leo zimo katika mita za umeme, katika breki za magari, katika vifaa vya hospitali vinavyodondosha dawa mshipani. Nyuma ya kila moja yupo mtu aliyeandika jambo, na mfasiri asiye na macho aliyelifikisha kama alivyoambiwa. Wanaosomea lugha huenda wakadhani kwamba hayo ni ya wahandisi. Lakini swali lililomkwamua mhandisi yule liliulizwa na mwanafunzi wa tafsiri, nalo ni swali ambalo kila mwenye kumtuma mjumbe hana budi kujiuliza: je, nimemwambia yale ninayoyaona mimi na asiyoweza kuyaona yeye?

Daftari lingali kwa mama. Safu ya pili imeanza kujaa, kwa wino wa rangi nyingine.